Moteri Iliyosaga Mihogo

Nianze na ukweli ili musinikamate katikati: hii habari hainitoi vizuri. Ukifika mwisho utaniita mujinga, na mimi nitaitika bila kugeuka. Lakini mutu ninayetaka kumueleza hapa siyo mimi. Mimi niko ndani yake kama nzi kwenye chai: hukumualika, lakini ukinywa utamuona.

Mwenyewe ni Fundi. Jina alikuwa nalo, la musikitini, la heshima, lakini Rumonge nzima hakuna aliyelitumia. Ukiita "Fundi!" pale sokoni, mushonaji hageuki, seremala hageuki. Wote walijua hawaitwi wao. Garagi yake ilikuwa mabati tu juu ya nguzo za michikichi, upande wa chini wa barabara, karibu na pale wanapoanika ndagala. Kwa hiyo gari ikitoka kwake ilikuwa imepona ugonjwa, lakini inanuka samaki wiki nzima.

Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa zamani. La kulia lilikuwa linafanya kazi likitaka. Na huyo ndiye mutu waliyemuletea moteri kutoka Nyanza-Lac mpaka Kabezi azisikilize! Alikuwa anasikilizia kwenye meno. Alikuwa na kijiti kigumu, kirefu kama mukono. Ncha moja anaiweka juu ya chuma cha moteri, nyingine anaiuma, anafunga macho. Anasema sauti inapanda kwenye kijiti, inapita kwenye taya, inafika kichwani bila kuomba ruhusa kwa masikio. Siku moja nilimuibia kile kijiti nikajaribu. Meno yalicheza, na sauti niliyosikia ilikuwa ya tumbo langu.

Alikuwa na mukeka. Akifungua moteri, kila nati na kila chuma analaza kwenye mukeka vile ilivyotoka, ya kwanza mwanzo, ya mwisho mwisho, kama watu kwenye safu ya sala. Na hakuna kuruka ule mukeka. Siku moja askari aliingia na bunduki begani, ana haraka ya pikipiki yake, akanyanyua buti apite juu. Fundi hakuinua hata kichwa.

"Zunguka."

"Muzee, unaongea na nani?"

"Na buti. Nati hazijui vyeo. Zunguka."

Sisi wote tuliokuwa pale tulianza kutafuta kitu cha kuangalia chini. Yule askari alisimama kidogo, halafu akazunguka. Mpaka leo sijui kwa nini, na nafikiri yeye pia hajui.

Vita ilikuwa juu, kwenye milima. Barabara ilikuwa chini, imebanwa kati ya mulima na ziwa, na hakuna pa kukimbilia ila majini. Kila upande ulikuwa na vyombo vyake vya kutengeneza, na fundi muzuri ni mumoja. Walikuja mara nyingi kumuuliza nani aliileta ile pikipiki jana, nani alichukua ile betri. Yeye alikuwa anajibu vilevile kila siku: "Mimi natazamaka chini ya gari. Nyuso ziko juu." Wengine walipigwa kwa jibu fupi kuliko hilo. Yeye walimuacha, maana gari zao zilikuwa zimelala pale, zimefunguliwa, na yeye peke yake ndiye aliyejua kuzifunga.

Usifikiri alikuwa malaika. Baiskeli yake haikuwa na breki. Mutu anayekuchoma kwa maneno juu ya nati moja iliyolegea, yeye alikuwa anasimamisha baiskeli kwa kisigino cha sandali. Alikuwa anatukana moteri matusi ya bandarini, halafu adhana ikilia anaiomba samahani. Siyo Mungu, moteri. Na kubwa kuliko yote: hakuwa anapanda gari. Hata moja. Akienda Bujumbura alikuwa anapanda boti, anatapika kutoka Rumonge mpaka bandarini, anashuka kijani kama jani la muhogo. Nikamuuliza siku moja kwa nini.

"Najua kilicho ndani," akasema.

Sasa tuje kwenye ujinga wangu.

Mama yangu aliuza mawese miaka mingi, bidon kwa bidon, dumu moja moja, mpaka akanunua minibus. Sisi ni watu wa kutoka Fizi, ng'ambo ya ziwa. Hapa Rumonge hatukuwa na shamba wala mujomba serikalini. Ile gari ndiyo ilikuwa shamba, ndiyo ilikuwa mujomba. Mimi nilimaliza shule ya musingi, nikamaliza na mwalimu pia, nikapewa usukani. Tulikuwa tunabeba watu na mawese kwenda Bujumbura.

Lakini hakuna aliyekuwa anakwenda peke yake. Tulikwenda kwa konvwa. Asubuhi gari zote zinajipanga kwenye bariyeri, kile kizuizi cha barabarani, askari wanaweka lori yao moja mbele, moja nyuma, na mukiondoka hakuna kusimama. Mwendo ni mbio, gari nyuma ya gari. Sheria ilikuwa moja na kila mutoto aliijua: gari ikikwama, inabaki. Kama kuna nafasi kwa wengine, watu wako wanapanda. Kama hakuna nafasi, munabaki pamoja na gari. Zile zilizobaki tulikuwa tunazipita siku zinazofuata, zimeungua, na kwenye bus hakuna aliyekuwa anaongea mpaka zikae nyuma.

Na moteri yangu ilikuwa imechoka. Moshi wake ulikuwa mwingi, wenzangu wakaiita gari yangu Jiko. Ramazani, aliyekuwa anaendesha bus nyekundu, kila siku akinipita bariyeri anauliza, "Sha, leo unapika nini?" Nilikuwa nacheka. Lakini kwenye mupando nilikuwa naona konvwa inaanza kuniacha, lori ya nyuma inanikaribia, na jasho linanitoka mahali ambapo siwezi kuandika.

Nikaipeleka kwa Fundi. Akauma kijiti, akafunga macho, akakaa hivyo kama mutu anayesikiliza habari za ukoo.

"Pistoni ya tatu," akasema. "Segima, zile pete zake, zimekwisha, mafuta yanapita. Lakini mwili wa moteri ni muzuri. Haijachoka yenyewe, umeichosha wewe. Tuifungue, tuifunge upya."

"Siku ngapi?"

"Kumi za kuifunga. Kumi na tano za rodaji."

Rodaji ndilo neno nililokuwa nalingoja. Nikaruka juu yake kama paka. Kila shoferi anajua: moteri iliyofungwa upya ni kama mwanamuke aliyetoka kujifungua, humubebeshi bidon siku ya kwanza. Vyuma vipya vinatakiwa vizoeane polepole, mwendo wa taratibu, siku nyingi. Ukiikimbiza, inajishika na kufa.

"Fundi," nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "hapo umejifunga mwenyewe. Konvwa inakwenda polepole? Nitamwambia nani, commandant, samahani, moteri yangu ni muzazi, tutembee?"

Watu wakacheka. Fundi akanyoosha kijiti upande wa soko. Pale kulikuwa na mashini ya wamama wa kusaga mihogo, na moteri yake ilikuwa imekufa mwezi mzima.

"Itasaga pale. Siku kumi na tano. Mihogo haina haraka, na haivizii mutu barabarani."

Ndugu zangu, nilicheka mpaka nikashika nguzo. Moteri ya bus! Isage ugali! Nikamuuliza kama kesho atanituma na gari kuchota maji. Lakini Ramazani ndiye aliyeniua. Alisema polepole tu, "Basi utakuwa shoferi wa unga." Na wasichana wa ndagala walikuwa wanasikia.

"Nitanunua nyingine," nikasema. "Ya okazyo, iliyokwisha kutumika. Naiweka leo, kesho inakwenda."

Fundi akapangusa kijiti chake. "Ukinunua moteri ya mutu, umenunua na sababu iliyomufanya aiuze."

"Na hii ya zamani wape wale wamama. Waifungie mbuzi."

Nilisema hivyo mbele ya watu. Mukumbuke.

Nikamuachia gari, nikaenda Kabonga, nikakaa karibu wiki mbili. Kule moteri zilikuwa zinaingia kwa mitumbwi kutoka ng'ambo ya mupaka, zimefunikwa na turubai na majani ya ndizi. Muuzaji alikuwa na moja aliyoipaka rangi ya feza, inang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Akaiweka juu ya magogo mawili pale mchangani, akachota maji ya ziwa kwenye pipa ya kuipoza, akaiwasha. Ikaunguruma laini, kama paka aliyeshiba. Nikazunguka, nikainama, nikapiga teke kidogo kama wanaojua. Nilisikia harufu ya mawese. Nikanusa shati yangu. Mutoto wa mama wa mawese ananuka mawese tangu kuzaliwa; wenzangu shuleni walikuwa wananijua gizani. Sikufikiri zaidi.

Mama aliniuliza, kwa lile jina lake la kunibembeleza, "Papa, umeipima muzuri?"

"Nimeipima, mama."

"Umepima na nini?"

"Na masikio."

"Masikio yako yanasikiaka tu sauti yako," akasema, lakini akaniachia.

Fundi aliifunga kwenye gari bila kugomba. Nilingoja anitukane, hakunitukana, na hilo peke yake lingetosha kuniogopesha. Akataka kumwaga mafuta ya ndani aweke mengine. Nikakataa: konvwa ni kesho, mafuta ya moteri hayapatikani mji mzima, na muuzaji ameapa ni mapya. Akavuta kile chuma cha kupimia, akakigusa kwa kidole, akanusa.

"Mafuta haya yananuka jikoni."

"Ni shati yangu, Muzee! Mimi ni mutoto wa mawese!"

Wakacheka wote. Fundi akanusa tena. Alikuwa na mafua wiki ile. Akaiwasha, akauma kijiti, akasikiliza muda mrefu kuliko kawaida. Mimi nilikuwa tayari nimeketi kwenye usukani, napiga honi kumuonyesha Ramazani. Fundi akatoa kijiti mudomoni, akakiangalia, akaenda kunawa kwa ajili ya sala.

Asubuhi kwenye bariyeri nilikuwa na watu kumi na mumoja, na Mama mbele kwa abiria, na bidon zake juu. Tumebakiza kuondoka, mulango unafunguliwa. Fundi. Amevaa kanzu safi na koti, ana kamufuko kadogo na kijiti chake. Akaketi nyuma ya mugongo wangu.

Abiria wote wakageuka kumuangalia.

"Fundi, umepotea? Boti iko kule chini."

"Endesha."

"Unaumwa?"

"Kijana, lori ya mbele imeondoka. Endesha."

Mpaka Minago tulikwenda kama mufalme. Ile moteri ilikuwa inavuta, hakuna moshi, nilikuwa nyuma ya Ramazani nampulizia honi, naimba. Nilikuwa nimetunga na wimbo juu ya shoferi wa unga. Baada ya Minago moteri ikapata joto lake lote, na hapo ndipo nikasikia kitu. Kidogo. Ko. Ko. Ko. Kama mutu anayebisha mulango na anajua umo ndani.

Nikaongeza wimbo. Sauti ikaongezeka nayo. Mama akaacha kufungua kalanga zake.

"Nini hiyo inagonga?"

"Barabara, mama."

Tulikuwa tunaingia pale mulima unaposhuka mpaka unakanyaga barabara. Upande wa kulia jiwe na vichaka, upande wa kushoto maji. Hakuna nyumba. Kila mutu alikuwa anapapita pale akiwa amezuia pumzi. Na gari ikaanza kukosa nguvu. Nikakanyaga; ikalia zaidi, haikwenda. Bus nyekundu ikawa ndogo mbele yangu. Waliokuwa nyuma wakaanza kunipita, mumoja, wa pili, wanapiga honi, uso wa kila shoferi unaniangalia dakika moja na kugeuka. Nilitafuta utani. Nilifungua mudomo kabisa. Mudomo ulikuwa mukavu kama ndagala.

Mukono ukanishika begani.

"Zima."

"Hapa? Fundi, hapa?"

"Ukienda mita mia mbili chuma kitatoboa moteri na hatutoki tena. Zima."

Nikazima.

Mimi nimesikia vitu vingi vya kuogopesha, lakini sijasikia kitu kama kule kunyamaza. Konvwa imekwenda. Mawimbi madogo upande huu. Upande ule, vichaka. Kitu kikatikisika juu kwenye majani. Mama mumoja nyuma akaanza kusali kwa Kirundi, taratibu, akimubana mutoto wake kifuani. Lori ya askari ya nyuma ikafika, ikasimama, moteri yake inawaka. Askari mumoja akaruka chini.

"Nini?"

"Moteri."

"Dakika mbili. Baada ya hapo tunakwenda." Akaangalia lori yake, imejaa. Akaangalia watu wangu.

Kwenye zile minibus moteri iko chini ya viti vya mbele. Fundi akasema, "Mama, simama," Mama akasimama, kiti kikainuliwa, na joto likatoka. Na harufu. Mama akainama, akavuta pumzi mara moja.

"Haya ni mawese," akasema. "Haya ni mawese yanaungua. Wee mutoto!"

Ndiyo hivyo. Yule wa Kabonga alikuwa amechanganya mawese mazito kwenye mafuta ya moteri, na moteri ikiwa baridi inanyamaza kama mutoto aliyepewa titi. Ikipata joto mawese yanakuwa maji, na ugonjwa unaanza kusema. Mutoto wa mama wa mawese ndiye aliyeuziwa mawese na hakuyajua. Mukitaka kucheka, chekeni sasa. Pale hatukucheka.

Fundi akatoa kitambaa, akakitandika juu ya kiti, akakinyoosha pembe zote nne.

"Muzee!" askari akapiga kelele. "Unatandika kitambaa?"

"Nati moja ikipotea, dakika zako mbili zitakuwa siku mbili." Kwangu: "Washa."

Nikawasha. Ko, ko, ko. Akapiga magoti na kanzu yake safi, akauma kijiti, akagusa hapa, akagusa pale. Akafunga macho. Naapa alifunga macho, pale, kama yuko kwenye garagi yake. Askari alikuwa anaangalia mulima na bunduki imeelekea juu. Mimi nilikuwa naangalia vidole vya Fundi, na hata kimoja hakikutetemeka. Akachukua ufunguo, akalegeza mufereji mudogo unaopeleka mazuti, ile dizeli, kwenye pistoni ya pili, akaweka nati kwenye kitambaa, akavuta kwenye kamufuko kipande cha mupira, akakivisha. Ncha ya mupira akaiingiza kwenye chupa tupu ya maji, akamupa Mama.

"Shika. Mazuti itatoka hapa. Ikijaa, mwaga dirishani, usimwagie moteri. Pistoni moja nimeilaza, haitafanya kazi. Zitatuvuta tatu."

"Zitatufikisha?" nikauliza.

"Ukiacha kuimba."

Tukaondoka. Ko ilikuwa imebaki ndogo, ya mbali. Gari ilikuwa inatetemeka kama mugonjwa wa malaria, inakwenda mwendo wa baiskeli, na lori ya askari nyuma yetu inakoroma, wanatutukana kwa lugha tatu, lakini hawakutupita. Kwa nini hawakutupita? Sijui. Labda ni kile kitambaa. Mama alishika chupa kwa mikono miwili njia nzima, anamwaga dirishani, anashika tena. Hakuna aliyetupiga risasi. Hata moja haikulia siku ile. Nawaambia kwa sababu watu nikiwasimulia wanangoja risasi, wanasikia vibaya ikikosekana. Mimi sikusikia vibaya.

Kabezi tulisimama katikati ya watu. Wale kumi na mumoja walishuka wakasahau mizigo yao. Fundi akashuka wa mwisho, akatembea mpaka nyuma ya nyumba moja, akatapika. Halafu akaenda kutafuta boti ya kumurudisha.

Gari ilirudi Rumonge baada ya siku nyingi, imefungwa kamba nyuma ya lori ya chumvi. Nilivyoingia sokoni nikasikia sauti. Nikasimama. Ile sauti nilikuwa naijua kuliko ya baba yangu. Moteri yangu, ile ya mbuzi, ilikuwa pale kwenye mashini ya wamama, imefungwa upya, haina moshi, inasaga mihogo. Fundi aliifunga nilipokuwa Kabonga, bila kuniambia, kwa vyuma alivyokuwa navyo. Siku zake kumi na tano zilikuwa zimeshapita na zaidi. Ilikuwa tayari, imezoea, inaimba. Na haikuwa yangu tena.

Mukubwa wa wale wamama alikuwa mwanamuke munene, mweupe mwili mzima kwa unga.

"Amahoro, mama."

"Amahoro. Panga mustari kama wengine. Mihogo yako iko wapi?"

"Sina mihogo, mama. Nimekuja kwa ile moteri."

"Moteri gani?" Akawageukia wenzake. "Muna moteri hapa? Mimi naona kamba ya mbuzi tu!"

Wakacheka, wakapigana mikono. Mumoja akalia "mee." Nikakaa pale juani kama mutu aliyekuja kuposa mikono mitupu. Nikacheka nao, halafu nikashindwa kucheka. Nikawaambia ukweli: Mama hana kitu kingine, na mimi siwezi tena kupeleka watu kwenye ile njia na chuma nisichokijua.

Yule mukubwa akaniangalia. Utani ukamutoka usoni.

"Kwenye gari yako siku ile alikuwamo binti ya dada yangu na mutoto wake," akasema. Akachukua mutwangio akanitupia. "Fundi atatengeneza ile takataka yako ya feza, ataiweka hapa, kwa mihogo itatosha. Mpaka iwake, mashini ni wewe."

Siku sita nilitwanga mihogo kwenye kinu, katikati ya soko, mbele ya wasichana wote wa ndagala. Ramazani alikuja kila asubuhi kuniuliza kama rodaji inaendelea vizuri. Siku ya saba Fundi akaninyanyulia mukono, kwamba moteri yangu iko kwenye gari. Hakusema lolote juu ya Kabonga. Wala siku ile, wala mwezi ule, wala mwaka ule. Ile moteri ilivuta konvwa mpaka konvwa zenyewe zikaisha.

Mara ya mwisho kumuona, barabara ilikuwa imefunguka, gari zinakwenda saa yoyote. Garagi alikuwa ameiacha. Nilimukuta kwenye kibaraza cha nyumba yake, mimi nina kilo ya sukari mukononi, na swali ambalo nilikuwa nimelibeba miaka.

"Fundi, ile siku kabla ya konvwa ulisikiliza. Ulisikia?"

"Nilisikia kidogo. Nilinusa kidogo."

"Kwa nini hukunikataza?"

Alinigeuzia sikio la kulia, nikafikiri limekataa.

"Nilikukataza mara mbili, ukacheka mara mbili. Ya tatu nilikuwa na aibu. Nilisema, watasema muzee ana wivu, anataka kazi yake." Akaangalia mikono yake. "Nilitaka sana iwe shati yako, kijana. Fundi asiwe mutu wa kutaka. Watu kumi na mumoja na mama yako, na mimi nataka iwe shati. Hilo kosa ni langu, usilichukue lote wewe."

Nilimuwekea ile sukari magotini. Nilimuambia murakoze, asante, nikaondoka.

Muke wake alinisindikiza mpaka kwenye njia, anavuta kitenge chake begani. Akasimama, akaangalia nyuma kama mume wake anaweza kusikia.

"Ile asubuhi alioga kama mutu anayekwenda kuzikwa," akaniambia. "Akanipa funguo za garagi. Akasema, 'Kama sitarudi, nenda kwa wale wamama, uwaambie ile moteri isage mpaka itimize siku zake, halafu wamupe mama yake yule mujinga.' Nikamuuliza, 'Na mujinga mwenyewe?' Akasema, 'Nitakuwa nimekaa nyuma yake.'"